Sababu ya Kurudi

Barua ya ubalozi ilikuwa na aya tatu na muhuri mmoja.
Nilimpa mjukuu wa jirani anisomee, ingawa miwani ninayo:
kwamba sikuthibitisha sababu ya kutosha
ya kurudi nyumbani.
Basi.
Koti nililonunua Karume, lenye manyoya kwenye kola,
likabaki msumarini nyuma ya mlango
kama mgeni asiyejua kuaga.

Kibwana alishapanga yote kule kwake Ufini:
pikipiki mbili za theluji, mwongozaji,
chai ya chupa juu ya ziwa lililoganda.
Mwezi wa kumi na mbili akaja yeye.
Akasema, "Kesho alfajiri, baba. Vaa viatu vya kufunga."

Kunduchi, nyuma ya mashamba ya chumvi,
zilipangwa pikipiki za magurudumu manne.
Mwongozaji binti, Nasra jina lake, umri wa viatu vyangu,
akanishika mkono: "Mzee, hiki kidole gumba ndiyo mafuta.
Usibane kwa hofu."
Kibwana akacheka hadi akakohoa.
Nimekaa kwenye winchi miaka thelathini na moja,
nikinyanyua makontena juu ya vichwa vya watu
kama anayenyanyua kikombe.
Sikumwambia. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Tukaenda. Nasra mbele na kibendera chekundu,
mimi katikati, mwanangu nyuma,
alipopachagua mwenyewe, anione nikianguka.
Zamani nyuma nilikuwa mimi. Temeke, uwanja wa shule,
nimeshika kiti cha baiskeli,
nakimbia na kandambili moja,
nasema nimekushika, nimekushika,
na mkono nilishaachia tangu golini.

Kingo za mabwawa. Chumvi imelundikwa vichuguu vichuguu,
jua halijakomaa na weupe tayari unauma macho.
Nasra akapunga: taratibu hapa, panateleza.
Wallahi sijui nini kilinipata.
Nikabana kidole.
Nikampita mwalimu, nikakipita kibendera,
injini inalia kama mbuzi aliyeijua Idi,
na nyuma yangu, "Baba! Breki! Baba!"
Breki nazijua, mwanangu.
Nikasimama shubiri moja kutoka rundo la mwisho.

Akafika anahema. Hakunigombeza.
Akachota chumvi, akaipuliza kiganjani.
"Iko hivi. Ila hii haiyeyuki."
Nikamuuliza, ile ina ladha gani?
Akafikiri sana, mtu wa miaka arobaini.
"Ya bomba la chuma," akasema.
"Siku ya kwanza niliilamba, hakuna aliyeniona.
Nikatoa simu nimpigie mama.
Nikakumbuka."

Mama yake yuko Kisutu, safu ya pili kutoka ukutani.
Hiyo ndiyo sababu, karani mheshimiwa,
ila fomu yako haikuwa na kisanduku chake.

Usiku wa safari alijaribu koti. Limemkaa.
Ameondoka nalo; mfuko wa kushoto
nimemfungia chumvi kwenye gazeti,
atakapoikuta atajua mwenyewe la kufanya.

Nasra amenitumia ujumbe:
*Mzee wangu, kioo cha pembeni, elfu arobaini na tano.*
Nimelipa.
Nikamuuliza pia Jumamosi wanafungua saa ngapi.