Kadirio

Ziba pembe kwa kidole gumba, akasema Reino.
Pembe ni mashahidi wa uongo.
Mtazame mnyama aliyezibeba.

Picha ilikuwa na rangi ya majivu,
imepigwa saa tisa usiku na kamera niliyoifunga
kwenye mwerezi, ng'ambo ya kijito cha Hukkala,
pale upepo wa Ziwa Superior unapochoka kidogo.
Dume la ayala, amegeuka nusu,
macho taa mbili, pumzi uzi.
Kabla Reino hajavaa miwani nilikwisha hesabu:
ncha nane; na upana niliupimia masikio,
maana sikio hadi sikio, yakitandazwa,
ni inchi kumi na sita, hata watoto wa hapa wanajua,
na pembe zilivuka masikio kwa kidole kila upande.
"Kumi na nane," nikasema. "Umri, miaka minne. Mitano, labda."

Hakujibu.
Alimimina kahawa kwenye kisahani, akaivuta
kupitia donge la sukari aliloliuma,
desturi ya mama yake, aliyeivusha bahari kutoka Ufini
pamoja na sufuria moja.

Kisha: Ona shingo inavyoingia kifuani bila kubisha hodi.
Ona tumbo lilivyoshuka,
gunia la viazi lililosahauliwa msumarini.
Miguu unaiona mifupi? Haikupungua. Mwili ndio uliozidi.
Mgongo umebonyea. Kidevu kimelegea.
Huyu ameona theluji tisa.

"Na pembe je?"
Zilikuwa kubwa mwaka juzi, akasema.
Kila mwaka anaziangusha, kila mwaka anaota nyingine,
halafu unakuja mwaka ambao mwili unasema:
safari hii, kidogo tu.
Alikuwa akikunja mkono wa kulia,
ule ulioacha vidole viwili kiwandani, kwenye msumeno.

Tukawekeana dau: chupa ya samaki wa siki.

Nilimpiga risasi siku ya tatu ya msimu,
theluji magotini, alfajiri haina hata kunguru.
Alipoanguka alikuwa na pembe za mfalme.
Nikaanza kumwendea, na kila hatua
inchi moja ikanitoroka.
Nilipofika utepe ukasema kumi na tano na robo.
Nikapima tena. Kumi na tano na robo.
Ndipo nikayaona masikio:
yote mawili yamechanika nchani, vita vya zamani,
majeraha yamekwisha kuota manyoya.
Nilikuwa nimepimia rula iliyokatwa.

Kituoni, kijana wa idara, Corliss Dufresne,
alimulika tochi ndani ya taya.
Magego yamesagika hadi ufizini,
laini kama kipande cha mwisho cha sabuni.
"Amepita sita," akasema. "Zaidi ya hapo meno hunyamaza."
Aking'oa jino la mbele akalitia kwenye bahasha:
huko maabara watalikata, wahesabu duara zake
kama za mti.

Barua ilikuja Aprili, barabara yote matope.
*Sampuli ilipasuka. Umri haukupatikana.*

Reino alicheka mpaka akakohoa.
Cheti chake kinasema sabini na nane,
lakini kanisa lililomwandika liliungua,
na dada yake, hadi anakufa, aliapa ni themanini na moja.
"Sasa tuko wawili," akasema,
akatafuta kifungulio cha chupa.
Tulikula nusu kwa nusu, na mkate mweusi,
hakuna aliyelipa.

Siku hizi namwona dirishani akivuka ua
kwenda kuwasha moto wa sauna.
Shingo. Mgongo. Namna anavyoipa miguu nafasi ya kufikiri.
Namba inanijia yenyewe, naimeza.

Pembe nilizipigilia juu ya mlango wa banda.
Ncha nane: glavu nne zilizolowa,
soksi mbili, kofia yake,
na moja iliyovunjika, haishiki kitu.