Mimea Kumi

Shati ndilo lililonisaliti.
Nilitelemka Jumanne, pompa nimeshairudisha,
mikono nimeisugua kwa majivu na sabuni ya kipande,
na bado Koko Nabahya, macho yake yana ukungu mwaka wa nne sasa,
alinusa mara moja tu:
«Ni wewe.»

Dola tatu kwa siku. Buti juu yao.
Lita kumi na sita zinachezacheza mgongoni
kama mtoto asiyetaka kubebwa,
mkono wa kulia unapiga, unapiga,
na umande mwembamba unaangukia kila kilicho kifupi
ili miti yao ya mbao ipate kukua peke yake.
Walituambia ni dawa.
Katika Kiswahili hiki tunachonunulia chumvi neno ni moja:
dawa ya homa, dawa ya panya, dawa ya msitu.
Nami sikuuliza msitu unaumwa nini.

Siku ya tisa kangaga zilikuwa na rangi ya chai.
Nyuki wa mzee Lwanwa walihama bila kuaga.

Wazee wakaenda Bukavu.
Saba, kwa miguu hadi Miti,
kisha juu ya kabichi za watu, ndani ya lori, mvua ikinyesha.
Kule Nyawera mlinzi alitaka visu vibaki mlangoni.
Lwanwa alikitoa chake cha kuchimbia mizizi polepole,
kama anayemwachia mgeni mtoto.

Muhandisi alikuwa kijana mpole, hilo niliseme.
Alituagizia Fanta.
Alikuwa na karatasi, mistari kumi, namba zimeshaandikwa:
mimea yenye faida. Itajeni, tutaikwepa.
Mimi nilikuwa mkalimani. Nilivaa shati lingine.

Koko alikunja kidole cha kwanza.
Mubirizi, wa tumbo. Muhandisi akaandika.
Kiwavi kinachowasha, wa migongo ya wazee.
Kangaga: juu yake tunamlaza mtoto wa siku moja.
Mtambaazi wa kufungia mizinga.
Uyoga.
«Uyoga si mmea, mama.» Akauandika hata hivyo.
Ule anaoula mnyama wa mlimani akiugua; tulimwiga.
Wa saba hautibu kitu. Unanuka tu,
na usiku nikiusikia najua nyumba iko karibu.
Wa nane unaua. Tunawaonyesha watoto wakiwa bado wadogo.
Wa tisa aliutaja, kisha akaniambia nisiutafsiri.
Sikuutafsiri. Muhandisi akachora kistari.

Halafu akanyamaza.
Chini barabarani teksi zilipiga honi,
dirishani ziwa lilikuwa la kijivu, limelala,
Fanta ya Lwanwa ilikuwa haijaguswa.

«Wa kumi siujui,» alisema Koko.
«Ugonjwa wake haujafika bado.»

Niliisema kwa Kifaransa. Kalamu haikusogea.
Nikairudia, nikidhani kosa ni langu.
Akaandika kitu kirefu, sikukiona.

Wino wa kidole gumba ulikuwa tayari mezani, kisahani cha buluu.
Hakuna aliyeugusa.
Mlangoni Lwanwa alikihesabu kisu chake,
kimoja,
akakirudisha kiunoni.

Wanasema wataanza tena wiki ijayo, mvua ikikatika.
Pompa zimepangwa hangarini, yangu ni namba kumi na moja.
Kapita amenitumia ujumbe mara mbili.
Bado sijamjibu.

Leo nimelifua lile shati.
Maji yametoka meupe meupe,
nami nimesimama mlangoni, beseni mikononi:
kushoto mihogo,
kulia njia ya kijito,
mbele yangu Koko ameketi, uso ameuelekeza huku,
pua yake inafanya kazi.

Niyamwage wapi?