Diski ya Kumi na Nne

Khainza amenunua spiriti ya duka la dawa,
pamba, na bisibisi yenye mpini wa uzi mwekundu.
Kompyuta ya chama cha kahawa, hapa Mbale,
haijawashwa tangu umeme ulipokatika wiki saba;
mjusi alikwisha hamia ndani na ukoo wake.

Diski ya kwanza: ukungu. Ya pili: ukungu.
Ya tisa ilikohoa, ikanyamaza.
Mlinzi Wepukhulu akachungulia:
"Bado unafukua kaburi hilo?"
Bado.

Ya kumi na nne inakwaruza kama kuku chini ya gunia,
kisha herufi za kijani, zikiyumba:
MAFABI N. KILO 212. HAJALIPWA.
NAMONO R. KILO 87. HAJALIPWA.
Mistari mia nne.

Hathubutu kuizima. Printa ilikufa zamani.
Anavuta daftari la hesabu la mwanawe,
ananakili kwa kalamu, jina kwa jina,
mvua ya Wanale ikipiga mabati,
taa ikikonyeza mara moja.

Kwenye W anamkuta babake.
Kilo 64.
Mzee, hadi anakata roho, alisema sitini na tano.

Kalamu inasita.
Anaandika sitini na nne.