Kanda la Usufi

Mwezi wa nne, theluji ilipoanza kuyeyuka,
kaka yangu Sadakichi alipanda kila asubuhi hadi penye bomba,
akafungua kifuniko, akateremsha utepe
mpaka ulipogusa maji ukalia,
mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyepotea gizani.
Kisha akaja kwangu na namba.

Mita tano na nusu.
Mita nne.
Siku ya tatu hakuvua hata viatu: mbili na kidogo.
"Lifungulie bwawa, Yasuhei."

Bwawa lilikuwa langu. Babu alilikandika kwa mfinyanzi
na kulishindilia kwa nyayo zake mwenyewe.
Nilikuwa na samaki arobaini na mmoja humo,
wekundu, weupe, mmoja mwenye baka jeusi puani
ambaye mnunuzi wa Nagoya alikwisha kumlipia nusu.
Nikamwambia kaka, bwawa halivuji.
Nikamwambia, jua linawaka, tone la mvua hakuna, huoni?

Kuhusu jua sikudanganya.

Udongo wa kwetu si jiwe.
Uliporomoka zamani, kabla ya majina yetu,
ukajilaza mteremkoni bila kushindiliwa na mtu,
chembe juu ya chembe, na kati yake vitundu.
Kinachouzuia usiondoke ni uzito wake tu:
chembe imeilemea chembe, zinakwaruzana, haziteleziani,
kama tulivyolaliana sisi watoto sita
chini ya blanketi moja, kipupwe kizima,
tukilalamika, asitoke mtu.
Mzigo ndio gundi.

Maji hufuata mkondo, ndivyo tuambiwavyo.
Haya hayakuwa na mkondo.
Yalishuka kimya kutoka kwenye theluji
na kutoka kwenye ufa wa kazi ya babu, ufa ambao sikutaka kuuona.
Yakaingia vitunduni, yakaifukuza hewa,
yakafika kwenye mwamba usiopitisha,
yakakosa pa kwenda, yakaanza kupanda.
Hayakuusukuma mlima. Gazeti liliandika hivyo, lakini hayakuusukuma.
Yaliusaidia.
Yalijibana kati ya chembe mbili, yakasema: lete nikubebee.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
kila kitundu kilipokea sehemu yake,
na chembe, zilizolemewa miaka yote hiyo,
zikapumua
zikaachiana.

Jumatano, saa nane mchana, mbingu safi.
Fusae alikuwa akianika magodoro.
Mierezi ilianza kutembea, imesimama wima,
hatua moja, mbili, bila kuyumba,
kisha mmoja ukainama, ndipo sauti ikaja.
Matuta ya mpunga. Banda la trekta. Nusu ya njia ya shule.
Bwawa.
Sadakichi alikuwa penye bomba.

Walimtoa jioni. Yu hai.
Goti moja halitakunjika tena,
na hasemi nami ila kwa namba.

Nusu ile nimeirudisha Nagoya.
Wanaume wa wilaya wamekuja na mashine, wametoboa ubavu wa mlima,
na sasa mirija minane inatiririsha mchana na usiku
theluji ambayo sote tulidhani imekwisha.
Nimekinga kiganja. Inauma meno kwa baridi.

Juzi kaka alinyoosha fimbo yake kuelekea juu.
Nikapanda. Bomba limeinama, limehama hatua sabini na tatu
kutoka lilipochimbiwa, kifuniko bado kinafunga.
Nikateremsha utepe. Sikusikia mlio.
Ulishuka, ukashuka, ukagoma:
huko chini bomba limekunjwa kama mrija wa kinywaji,
mahali hasa ambapo mlima wa juu
uliuacha mlima wa chini.

Nikasoma, nikapaza sauti: "Sita na robo!"

Alikuwa kwenye kiti, kando ya barabara, daftari pajani.
Akakaa.
Kisha akauliza, kwa sauti ya zamani,
"Una hakika, Yasu?"
Nikauvuta utepe, nikapima tena.