Kisiwa Kisicho na Shangazi

Hamdun kasema: popote, lakini si Unguja.
Unguja si mapumziko. Unguja ni mashangazi saba,
kila mmoja na sahani yake chini ya kawa,
na ukila kwa huyu ukamkosa yule
umeshazua la mwaka.
Nikakubali. Tukachagua Shelisheli,
nchi yenye jina la tunda la kuchemsha,
ambako hatuna kaburi wala mwaliko wa harusi.

Saa mbili usiku Mabela inafungwa.
Mbangladeshi anashusha mlango wa chuma,
barabara inabaki na taa zake na paka,
nasi tunafungua daftari la hesabu la Lubna
ambalo shule haikulimaliza,
tunapanga.

Siku ya kwanza: hatufanyi kitu.
Kaandika yeye, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa.
Siku ya pili: kitanda cha kamba, asubuhi yeye,
jioni mimi.
Kwa nini jioni mimi, na mbu?
Usiku ule nililala chumba cha watoto
kwa ugomvi wa kitanda ambacho hatujakiona.

Jumapili kamati ikatangaza vipimo viwili,
cha kwendea na cha kurudia.
Tukafuta kamba na pweza, tukalipia pua.
Jumatano: siku saba ndani ya nyumba,
na bangili mkononi ya kukuchongea
ukivuka kizingiti.
Hamdun akahesabu kwa vidole:
mapumziko siku tano, kifungo siku saba.
"Basi tupumzike kifungoni," nikasema.
Hakucheka.
Halafu wenye kisiwa nao wakatufungia.
Ajabu, kukataliwa na mahali
ulikokwisha kukuzoea;
mie nilishajua duka la mkate liko upande gani.

Hatukuacha. Kupanga hakuombi viza.
Tulifika siku ya nne, saa ya chai.

Simu ikatoka Mchangani.
Bi Thuwaiba,
wa tatu katika wale saba,
yule wa kawa lenye ukili mwekundu.
Mazishi tuliyaona kwenye kiganja:
watu kumi na wawili, wamesimama mbalimbali
kama waliogombana,
kisha picha ikaganda kwenye kandambili ya mtu
na haikuendelea tena.

Hamdun akavaa dishdasha iliyopigwa pasi,
akachukua ufunguo, akaingia garini,
pale pale uani.
Akawasha. Kiyoyozi kikavuma.
Akakaa na mikono juu ya usukani
mpaka taa ya mafuta ikawaka.
Mimi dirishani, na glasi ya maji
ambayo sikujua nimpelekee au niinywe.

Daftari likalala juu ya friji.

Baada ya arubaini alilishusha mwenyewe,
akatafuta ile kalamu nyekundu,
akaandika, polepole, kama anayejaza fomu:
chumba cha pili.
Akafikiri. Akaongeza: chini, si ghorofani,
magoti yake.
Mdomoni nilikuwa na neno, nikalimeza.
Nikavuta kiti.
"Atasema wali wao hauna nazi," nikamwambia.
"Atasema."
"Na bahari hataingia."
"Miguu tu. Na atashika viatu mkononi, hatamwamini mtu."
"Na atauliza kwa nini kitanda cha kamba kimoja
nyie mko wawili."
Tukaagiza cha pili.
Hakikuongeza gharama.

Sasa wamefungua. Ofisini kwetu watu wanaulizana
nani anakwenda wapi, nani kachanjwa mara ngapi.
Lubna amerudi darasani, analidai daftari lake,
anasema zimebaki kurasa, asinunue jipya.
Kweli, zimebaki.
Sita.
Hamdun keshazihesabu,
na jana usiku, kabla hajalala,
aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei,
Bi Shinuna anapenda dirisha lielekee wapi.