Ritifaa Mbili

Zamani kutoa toleo jipya kulikuwa kama kuoza binti:
Ijumaa usiku, chipsi za kuagiza, simu zote kwenye chaji,
Chilewa amesimama na hatua zake arobaini na moja
alizoziandika nyuma ya kalenda ya duka la saruji.
Zima. Nakili. Bandika. Washa. Subiri.
Hatua ya ishirini na tisa ilimwagikiwa chai,
kila mmoja wetu akaikumbuka kivyake.

Agosti ile upepo ulipitisha vumbi chini ya mlango
na sisi, macho mekundu, tukaruka hatua. Hata leo sijui ipi.
Kulipokucha, mizani ya ushirika ikasoma sifuri.
Lori zima la zabibu, kreti juu ya kreti, juani,
wakulima wameshika viuno,
na nyuki peke yao ndio waliohudumiwa.

Chilewa hakusema kitu. Alikwenda kunawa uso, akarudi, akaenda kunawa tena.

Ndipo nikajifungia chumbani Nkuhungu wiki tatu,
nikila ugali wa uwele na mlenda wa jana,
nikiifundisha mashine kufanya bila woga
yale tuliyokuwa tukiyafanya kwa woga.
Sasa nikituma mstari mmoja wa msimbo, haingoji Ijumaa:
inaujenga mfumo upya toka msingi, kana kwamba haujawahi kuwapo,
inauhoji maswali mia tatu na kumi na mawili,
na ukijibu yote, inaupeleka yenyewe hadi kwenye mizani
kabla maji ya chai hayajachemka.
Kosa likijitokeza huko, inarudisha toleo la jana
bila kumwamsha mtu.

"Mashine haina uchungu," alisema Chilewa.
Kalenda yake hakuiondoa ukutani.

Jumatano moja nilikuwa na haraka. Kajambo kadogo:
kusafisha stakabadhi, majina yasomeke vizuri,
niondoe vialama vinavyochafua karatasi.
Nikatuma. Nyekundu.
Nikatuma tena, kama anayebonyeza swichi umeme umekatika.
Nyekundu. Swali la mia moja themanini na nane.
Niliitukana kwa Kigogo, halafu kwa Kiswahili, ili ielewe.
Njia ya kuizunguka ipo, na ufunguo ninao mimi;
kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe
nilipoliona jina la lile jaribio: Mbeleje.

Nililiandika mwenyewe. Nilikuwa nimelisahau.
Mama Mbeleje alikuja ofisini msimu wetu wa kwanza,
stakabadhi ameifunga kwenye ncha ya kitenge,
akaiweka mezani, akailainisha kwa kiganja.
Mahali pa kijiji palikuwa pameandikwa "Ng". Basi.
Mfumo ulikutana na ritifaa, ukadhani neno limeisha,
na malipo ya kilo mia sita yakapotelea hapo.
"Natoka Ng'hong'ona," alisema. "Ninyi mmekula kijiji,
mkanibakizia herufi mbili za kulambia."

Nikaondoa kidole.
Mashine haikuwa imekumbuka chochote.
Ilikuwa ni aibu yangu ya siku ile
niliyoipangia zamu ya usiku, nikaenda kulala.

Nilirekebisha. Kijani. Saa tisa na dakika arobaini alasiri,
toleo la nne siku hiyo; hakuna aliyepiga simu,
hakuna chipsi.
Chilewa alisoma yote juu ya bega langu, akaiendea kalenda,
akatafuta kalamu inayoandika,
na chini ya hatua ya arobaini na moja
akaongeza jina la kijiji, polepole,
akizihesabu ritifaa kwa kidole.