Choo cha Boti

Nahodha Msellem aliniita Jumatatu, maji yamekupwa,
boti lake limelala ubavu kwenye tope la Wete
kama mbuzi aliyechoka kungoja mnunuzi.
"Choo," alisema, asiongeze neno.
Mtu mzima akitaja choo kisha akanyamaza,
ujue mambo yameshapita mpaka wa maneno.

Boti jembamba: watu wawili hawapishani
bila mmoja kuomba radhi.
Chumba cha choo ni chembamba zaidi,
mlango hufunguka nusu, nusu ya pili ni imani.
Nikaingia kinyumenyume, magoti kifuani,
spana mdomoni, simu inamulika kutoka shingoni,
na kwa mazoea tu nikabisha hodi.

Pampu ukiivuta ilipumua, ukiisukuma ilipumua,
hakuna kilichokwenda wala kilichorudi.
Skrubu nne. Tatu zilikubali.
Ya nne nilikaa nayo mpaka adhana ya adhuhuri,
nikaitia mafuta ya nazi, nikaisemesha,
nikaitukana kidogo, nikatubu,
ikazunguka.

Msiniulize kilichomwagika.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya abiria wa Mtambwe, miaka kumi na moja,
ninayo mimi.

Bomba lilikuwa na chokaa ndani,
mkojo na chumvi ya bahari vimeshikana udugu:
tundu la kupita ndimu
limebaki la kupita kokwa yake.
Nikalipiga juu ya gati, pa, pa,
likatema vigae vyeupe kama maganda ya mayai.
Watoto wakakusanyika.
"Madini gani hayo, fundi?"
"Ya baba zenu. Na mama zenu pia."
Wakakimbia wakicheka.
Mmoja akarudi, akaomba kipande.

Kipira cha vali kimechanika.
Wete hakipo. Unguja labda. Dar kipo,
kwa bei ya kununua aibu mpya kabisa.
Nikachukua tyubu ya baiskeli ya Shaame,
kiraka juu ya kiraka,
nikachora duara kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi,
nikakata kwa wembe.
Kikaa. Pampu ikameza mate.

Likabaki bomba la kutokea.
Nahodha akanionyesha tundu ubavuni.
"Pale pale pa zamani. Bahari ni kubwa."

Nikainama nipime uzi wa tundu,
jicho likapita, likatoka nje:
tope, mizizi ya mikoko,
wanawake wanne na ndoo zao wanaokota chaza.
Wa tatu kajitanda kanga ya kijani iliyopauka,
niliinunua mwenyewe, Sikukuu ya Mfunguo Tatu,
na anayeinama vile, mkono mmoja kiunoni,
Pemba nzima ni mmoja.
Tundu halikuzidi upana wa ndimu
na mama yangu akaenea mzima.

Sikumwambia nahodha hayo.
Nilimwambia: "Tundu limeoza. Litakuzamisha."
Uongo. Lilikuwa zima kuliko meno yangu.
Nikalipigilia kizibo cha mti, nikalipaka lami,
na chini ya benchi nikafunga pipa la buluu
la lita sitini, lililokuwa na sabuni.

"Likijaa?"
"Litamwagwa shimoni, nyuma ya karakana."
"Na nani?"
"Mimi," nikasikia mtu anajibu,
na sauti ilikuwa yangu.

Usiku mama aliweka chaza, pilipili, ndimu.
Akanusa. "Umenawa?"
"Mara saba."
"Nawa ya nane."
Nikanawa. Nikala. Hakuuliza nilikuwa wapi,
nami sikumuuliza mgongo.

Leo Alkhamisi tu, nahodha kapiga simu.
Pipa limejaa.
Watu wamesikia choo kimepona,
wanapanda boti hata wasio na safari.